Msaada wa Shimo la Kumi na Saba

Ukitaka kumuudhi Lawrence, mwambie gofu ni mchezo wa matajiri. Atakutazama kwanza, kisha atakuuliza ni tajiri gani umewahi kumwona akipanda kilima na mkoba wake mwenyewe begani. Mkoba huo aliubeba yeye, miaka kumi na mitano, kwenye klabu moja kule nyumbani kwenye vilima vya majani chai, mvua inyeshe, jua liwake. Kedi, ndivyo walivyoitwa watu wa kazi hiyo: mbeba mkoba, mtafuta mpira, mshauri wa upepo, na mpokea lawama mchezaji akikosea. Lawrence alizifanya zote nne, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshughulisha zaidi.

Kulikuwa na kazi ya tano ambayo haikuandikwa popote. Mpira wa bwana wako ukiingia kichakani, wewe kedi unatangulia mbio. Unafika kabla yake, unausimamia mpira, unajifanya hamnazo, unatazama mawingu, na huku chini mguu unafanya yake. Unauvuta mpira kidogo tu, nusu hatua, mpaka penye nyasi safi. Kisha unainua mkono: huu hapa, bwana, leo una bahati. Bwana akipiga vizuri anafurahi, na bwana akifurahi kedi naye anakula. Hakuna aliyeuita wizi. Uliitwa kusaidia. "Huyu wangu leo alikuwa hovyo kabisa, nimemsaidia mara nne," ndivyo walivyosimuliana nyuma ya banda la mikoba, bila haya hata chembe.

Mguu wa Lawrence ulisifika kuliko yote. Angeweza kukusaidia huku anaongea na wewe ana kwa ana, na usingeona hata goti likitikisika. Makedi wapya waliletwa kwake wafundishwe, na mmoja wao alikuwa Justus, mdogo kwake kwa miaka sita, mwembamba, mwenye maneno machache. Justus aliujua mchezo wa mguu kwa wiki moja, akaufanya mwaka mzima, halafu akaacha. Alisema anataka kucheza, si kubeba, na mtu akizoea kusaidiwa hawezi tena kujua amepiga mapigo mangapi. Makedi walimcheka mpaka wakachoka. Lawrence naye alicheka, lakini ndiye aliyemtafutia fimbo kuukuu za kuchezea kila Jumatatu, siku ambayo makedi waliachiwa uwanja. Justus akawa anamwita mwalimu, na hakuacha kumwita hivyo hata alipoanza kuwashinda wenye klabu yao.

Halafu kukatokea mambo ya Yowasi. Huyu alikuwa kedi wa siku nyingi, na siku ya kikombe kapteni wa klabu alimkuta mguu uko juu ya mpira. Yowasi, mjinga wa watu, akakiri. Bwana wake akaongezewa mapigo mawili ya adhabu mbele ya wageni, kikombe kikaenda kwa mwingine, na Yowasi akatolewa getini siku hiyo hiyo hata mkoba hajaurudisha. Makedi wote walilitazama jambo hilo wakatoka na somo moja: ukikiri, unammaliza bwana wako, na unajimaliza na wewe. Lawrence aliliweka somo hilo kichwani na hakuwahi kulitoa.

Maisha yakaenda. Alimwoa Roselyne, wakapata mabinti wawili, na klabu ikaanza kununua vigari vya kubebea mikoba. Kedi mwenye familia hashindani na kigari. Wakala mmoja akampitisha, na Lawrence akajikuta Dubai amevaa sare ya ulinzi, amesimama kwenye ukumbi wa jumba refu pale Jumeirah Lake Towers, akiwafungulia mlango mabwana na mabibi, good morning sir, good evening madam. Alilala Dubai Investments Park, kwenye nyumba za wafanyakazi, watu sita chumba kimoja, na kila asubuhi basi la kampuni liliwachukua kabla jua halijaanza ukali wake.

Ilikuwa Februari mwaka 2016, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi wa Machi. Kampuni ilikuwa inapunguza watu. Ilishasemwa wazi: mwenye barua ya onyo katika faili lake asijisumbue kuuliza, afunge virago. Binti mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza, na Roselyne kila akipiga simu swali lake lilikuwa moja: wamesemaje? Lawrence alijibu inshallah, kama alivyosikia wenzake wakijibu, naye ni Mpentekoste.

Ndipo mashindano makubwa ya gofu yakaja mjini, na kampuni ikatoa walinzi wa kusimama kwenye kamba inayowatenga mashabiki na wachezaji. Lawrence aliomba apangwe huko, na sababu hakumwambia mtu. Alikuwa ameona jina la Justus kwenye simu. Justus, yule yule wa fimbo kuukuu, alikuwa ameongoza wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki msimu ule, na waandaaji walikuwa wamempa mwaliko acheze na vigogo wa dunia.

Supavaiza wao alikuwa Shakir, mtu wa Mombasa, mpole wa sauti na mkali wa vitendo. Aliwapanga mstari asubuhi ya Alhamisi. "Haya nisikizeni, bwana. Mpira wa mtu haushikwi. Hausogezwi. Mkiuona mwainua mkono, basi, mwasimama mbali. Atakayegusa mpira, khalas, simjui."

Siku hiyo hiyo Justus alipita. Alikuwa amenenepa mabega, amevaa kofia nyeupe, na nyuma yake alibebewa mkoba na Mzungu. Lawrence alipoona hivyo kifua kilimjaa mpaka akasahau Shakir. "Justus!" Justus aligeuka, akamtazama, akaja mbio mpaka kwenye kamba, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mwalimu! Uko huku?" Hawakupata muda wa zaidi ya hapo. Shakir alikuwa ameona, na alipokuja alisema taratibu, "Wewe ni mlinzi ama ni shabiki? Hii ni mara ya kwanza na ya mwisho. Nyingine yaandikwa." Lawrence akasema samahani, na siku nzima akawa anatabasamu peke yake.

Sasa, mambo ya mashindano haya ni hivi. Yanachezwa siku nne, na baada ya siku mbili unafanyika mchujo. Anayepita anaendelea mpaka Jumapili, anahesabiwa, anajulikana. Anayekosa, hata kwa pigo moja, anarudi kwao na wala hakuna atakayekumbuka kwamba alikuja. Kwa kijana wa mwaliko, aliyekuja mara hii na haijulikani kama ataitwa tena, mchujo ule ulikuwa kufa kupona. Na Ijumaa alasiri Justus alikuwa juu ya mstari wa mchujo kabisa. Mashimo mawili yalikuwa yamebaki. Akimaliza kila moja kwa mapigo yake ya kawaida, manne la kumi na saba na matano la mwisho, amepita. Akizidisha moja, nje.

Lawrence alipangwa shimo la kumi na saba, upande wa kulia, penye mchanga na vichaka vya jangwani. Mashabiki walikuwa wamewafuata vigogo, upande huo ulikuwa na nyayo zao tu. Alisikia fimbo ikilia kwa mbali. Aliujua mlio ule. Ni wa mpira uliopigwa vibaya. Ukaja, ukadunda mara mbili, ukajiviringisha mbele yake na kuingia chini ya kichaka, ukatulia kwenye mizizi. Ulikuwa na alama mbili nyekundu. Mpira wa Justus.

Akainama kidogo kuutazama. Ulikuwa umekaa vibaya, lakini si wa kufa. Mtu angeweza kuukwangua ukatua kwenye nyasi, akaanza upya kutoka pale. Hayo Lawrence aliyafikiria baadaye. Kwa wakati ule hakufikiria kitu. Alitazama juu, kwenye mawingu ambayo hayakuwepo, na mguu wa kulia, ndani ya kiatu kizito cha kampuni, ukaenda peke yake, ukauvuta mpira nusu hatua mpaka mchangani palipo wazi. Kisha mkono ukainuka. Huu hapa.

Ndipo akili ikamrudia. Wee Lawrence, umefanya nini?

Justus alifika akihema, na Mzungu wake wa mkoba nyuma yake. Aliona mpira umekaa vizuri, na uso ukamng'aa. Akachuchumaa kuusoma. Hapo ndipo alipouona mfereji mdogo mchangani, kutoka mizizini mpaka penye mpira, usiozidi upana wa ncha ya kiatu. Akautazama kwa muda. Alipoinua macho hakumtazama Lawrence usoni, alimtazama miguuni.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili. "Umesaidia?"

Lawrence alimwona Yowasi akitolewa getini. Aliona mapigo mawili yakiandikwa kwenye kadi ya Justus. Na katikati ya hayo, kwa ukubwa kuliko hayo, aliona faili lake na barua ndani yake.

"Hapana. Uko ulivyotua."

"Niangalie. Umesaidia?"

"Nimekwambia hapana, Justus. Piga mpira wako."

Justus akasimama, akainua mkono, akamwita refa. Refa alikuja na kigari chake, Mzungu mtu mzima, mwenye kofia pana na nyusi nyeupe, na nyuma yake, kwa miguu, akaja Shakir aliyeona kigari kinakimbilia kwa mlinzi wake.

Justus alimwambia refa kwa Kiingereza kwamba anadhani mpira wake umesogezwa, lakini hana hakika. Refa akauliza na nani. Justus akasema hajui, akamwonyesha mfereji. Refa akainama, akatazama nyayo za asubuhi zilizotapakaa kila mahali, akajinyoosha. Mfereji ungeweza kuwa wa kitu chochote. Akamgeukia Lawrence.

"Wewe ulikuwa hapa muda wote. Kuna mtu aliyegusa mpira huu?"

"Hapana, sir."

"Wewe je? Hata kwa bahati mbaya?"

Shakir alikuwa amekunja mikono. Lawrence aliutazama ukingo wa kofia ya refa. "Hapana, sir."

Hapa Justus angeweza kusema sentensi moja tu. Angesema: huyu namjua, alikuwa kedi, yeye ndiye aliyenifundisha kuvuta mpira kwa mguu. Refa angeelewa mara moja. Lawrence alilijua hilo na alikuwa anaingoja sentensi hiyo kwa roho mkononi. Justus hakuisema. Refa akaamua kwamba hakuna ushahidi, mpira uchezwe ulipo.

"Nimeelewa," Justus akasema.

Akamwomba mwenye mkoba fimbo fupi. Mzungu hakumpa. Alinong'ona kitu, akaonyesha bendera ya shimo kule mbele, akaonyesha fimbo ndefu. Justus akaichukua fimbo fupi mwenyewe kwenye mkoba. Akasimama mbele ya mpira, akaipa bendera kisogo. Akaugonga mpira polepole, ukajiviringisha nusu hatua ile ile, ukarudi chini ya kichaka, ukatulia kwenye mizizi.

Mbali kidogo watu wawili walicheka, wakidhani amekosea. Refa hakucheka. Lilikuwa pigo halali, na pigo ni pigo, likahesabiwa. Lawrence alishika kamba kwa mikono miwili.

Justus aliukwangua mpira kutoka mizizini, ukatua kwenye nyasi. Kutoka pale alipiga pigo ambalo Lawrence hajawahi kuona zuri kama lile kwa mtu wa kwao, mpira ukatua karibu na shimo, naye akauzamisha. Mapigo matano. Moja limezidi. Akaenda shimo la kumi na nane bila kugeuka nyuma.

Refa alikuwa anapanda kigari chake, kisha akasita. Huenda alikuwa mtu mwema tu, au huenda alikuwa ameona zaidi ya alichosema. Alimpa Lawrence chupa ya maji.

"Sikushtaki," alisema. "Ila ukisimama tena kwenye kamba, ujue hili. Mlinzi, au mbwa, au ndege akiusogeza mpira, tunaurudisha tu pale ulipokuwa. Basi. Haliongezwi pigo lolote."

"Hata kwa mchezaji, sir?"

"Mchezaji ana kosa gani? Angekuwa kedi wake ndiye aliyeugusa, hapo ni hadithi nyingine. Wewe si kedi wake."

Kigari kikaondoka. Lawrence alibaki na chupa mkononi. Hakuhitaji kalamu kulijua hilo. Angesema ndiyo, mpira ungerudi kwenye mizizi bure, Justus angeukwangua kama alivyoukwangua, angepiga lile pigo zuri kama alivyolipiga, na angemaliza kwa manne. Angekuwa amepita. Hata asingesaidiwa kabisa, hata Lawrence angekaa na mguu wake kama mwanamume mwenye akili timamu, angepita. Pigo lililozidi lilikuwa lile moja tu la kuurudisha mpira, na lilizidi kwa sababu yeye alisema hapana, sir.

Aliumia. Hakuna neno jingine la kulipamba. Aliumia kifuani mahali panapouma mtu aliyefiwa, na alisimama pale kwenye kamba na sare yake iliyopigwa pasi, na wachezaji waliobaki wakapita, naye akawainulia mkono walipostahili kuinuliwa mkono.

Ubao mkubwa wa matokeo ulisomeka kutoka alipokuwa. Jina la Justus lilikuwa la kwanza chini ya mstari. Lilikosa kwa pigo moja.

Shakir alimjia akiwa ametulia, karibu atabasamu. "Umejibu vyema, bwana. Wazungu hawakupata la kusema, na kampuni haikuchafuka. Jina lako nitalipeleka mimi mwenyewe, mkataba usiwe na wasiwasi nao." Na kama zawadi akamtoa mchangani, akamweka kwenye kivuli cha geti la wachezaji, kuinua kizuizi magari yanapotoka.

Kwa hiyo Lawrence ndiye aliyekuwa getini gari la Justus lilipofika, kabla ya magharibi. Dereva alikuwa mbele, Justus nyuma, mkoba umelazwa kando yake. Aliteremsha kioo.

Lawrence aliinama dirishani. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, likatoka moja. "Nilisaidia," alisema.

"Najua. Nilijua kabla sijakuuliza."

"Mbona hukumwambia refa kwamba unanijua?"

"Ungekwenda wapi, mwalimu? Una watoto." Justus hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia mahali fulani na kunawa. "Nisingeweza kuupiga nikijua si mahali pake. Nikajiambia, heri nilipe mimi. Lakini nilikuuliza mara mbili."

"Nilidhani watakuongezea mawili, kama bwana wa Yowasi. Sikujua hayaongezwi. Haki ya Mungu, Justus, sikujua."

Justus alimtazama. "Na ungejua," aliuliza, "ungesema?"

"Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa nyepesi, na pengine Justus angeipokea, wakaachana vizuri. Hatua kumi kutoka pale Shakir alikuwa anaongea na redio yake, mgongo ukiwaelekea. Lawrence aliiangalia nafsi yake kule nyuma kwenye kamba, mbele ya refa, na alijua alichokuwa anakiogopa, na hakikuwa mapigo ya Justus.

"Hapana," alisema. "Nisingesema."

Justus alitikisa kichwa polepole, akageuka kutazama mbele. Hakusema kwaheri wala hakumwita mwalimu. Kioo kikapanda. Lawrence alitaka kumwambia pole, lakini nyuma ya gari hilo yalikuwa yameshafika magari mengine mawili na moja lilikuwa linapiga honi, akainua kizuizi.